Siku Nilipowinda Tangi Kibirichia

Aibu hii nimeikubali, kwa hiyo chekeni tu. Mimi ni askari wa wanyamapori, bingwa wa shabaha kambini miaka mitatu mfululizo, na bado wako watu Kibirichia wakiniona sokoni wananiita Afande Tangi.

Ilikuwa hivi. Nyati mmoja dume alishuka kutoka msituni, akamvunja mtu mguu, akajifanya mwenyeji kwenye mashamba ya viazi, na hakuna aliyethubutu tena kuvuna. Shamba la mwisho kabisa, lile linalopakana na msitu, ni la mjane anayeitwa Mama Kanana, na viazi vyake vilikuwa vimekomaa na mvua imekaribia (vikinyeshewa ardhini vinaoza vyote, na huko viazi ndio karo, ndio chakula, ndio kila kitu). Mkubwa wangu akanituma mimi kwa sababu ya shabaha, nami nikaenda kichwa kimevimba.

Mama Kanana alinipa chai, akaniambia taratibu, "Afande, hii mnyama nimeiangalia wiki mbili. Asubuhi inakunywa maji kwa mto, halafu inalala kwa hiyo miti ya chini. Tuzunguke, upepo utupige kwa uso. Tukitokea hapa itasikia harufu yetu."

"Mama, wewe nionyeshe tu mgongo wake," nikamjibu. "Mita mia mbili kwangu ni kama hapo mlangoni."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ukungu ulikuwa mzito, na tulipofika mpakani nikaona ndani ya nepia ya jirani, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, mgongo mweusi, mpana, umetulia, tena ndege wawili wamekaa juu yake (na nyati si hukaliwa na ndege?). Mama Kanana akaninong'oneza, "Nyayo zinaenda chini, afande," mimi nikampungia mkono anyamaze, nikapiga goti, nikashika pumzi, nikafyatua. Risasi ilipiga katikati kabisa. Nyati hakuanguka wala hakukimbia, alilia tu kama ngoma.

Nikakimbia kumwona nyati wangu, kumbe ni tangi la maji. Jipya, la plastiki, lenye tundu huku na tundu huku. Kina mama wa chama chao cha kuchangiana walikuwa wamelilaza pale jana yake ili Mama Kanana asilione, maana ilikuwa zamu yake kununuliwa tangi na Jumamosi walitaka kumletea kwa nyimbo.

Na nyati wa kweli alikuwa kule chini kwenye miti, kama nilivyoambiwa, na mlio wa bunduki ukamleta mbio moja kwa moja kwetu. Mama Kanana, na miaka yake sitini na gambuti zake za mpira, alikuwa tayari juu ya mti. Mimi (hapa naomba msiwasimulie watoto wangu) niliitupa bunduki nikajipenyeza ndani ya tangi. Nyati akalipiga kichwa mara moja, likabingirika na mimi ndani, likaruka matuta ya viazi moja baada ya jingine mpaka likakwama kwenye ua wa miiba ya kayaba. Nyati akaenda zake. Majirani wakaja kunivuta kwa miguu, kina mama wa chama wakiwa mbele.

Habari zikamfikia mkubwa wangu, akapiga simu. "Rudi kambini, tutatuma mwingine."

Nikamwambia sirudi. Masikio yalikuwa yananiwaka kwa aibu, lakini viazi vilikuwa bado ardhini na nyati sasa ana hasira niliyompa mimi. Nikaomba siku moja, nikamwendea Mama Kanana. "Mama, tangulia wewe. Mimi nitafuata."

"Na utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

Kesho yake tulitambaa kwa muda wa karibu saa tatu, yeye mbele akimwaga majivu kidogo kidogo aone upepo unaelekea wapi, akigusa kinyesi kujua kama kina joto, na kila aliposimama nilisimama, magoti yanatoka damu, mdomo nimeufunga. Mwishowe nikamsikia nyati akitafuna. Mama Kanana akanigusa bega. Risasi ikawa moja, nyati akaanguka.

Watu wakajaa, wakaanza kulisifu jicho langu. Nikawaambia kutoka pale hata anayefyatua mara ya kwanza maishani angempata, kazi ilikuwa kufika pale, na aliyetufikisha ni huyu mama. Nikaapa mbele yao kwamba popote nitakapotumwa nitauliza kwanza nani anamjua mnyama, kisha nitembee nyuma yake. Mama Kanana hakungoja nimalize. Alikuwa ameshachukua jembe, anachimba viazi.