Tawi la Mlangoni Koekelberg

Jumapili iliyopita, sokoni Gare du Midi, penye kituo cha treni, nilikuta mafungu ya houx yamelazwa kando ya sombe, majani ya muhogo. Unaijua houx, rafiki yangu: majani ya kijani yanayong'aa, yenye miiba pembeni, na vitunda vyekundu visivyoliwa. Watu wa huku ughaibuni huitundika mlangoni Noeli ikikaribia. Nikasimama pale na mfuko wangu wa makayabu, samaki wa chumvi, nikiyatazama.

Utotoni tulikaa mtaa wa Koekelberg, mimi na koko, bibi yangu mzaa mama, katika chumba kimoja ghorofa ya juu. Mama alikuwa amebaki Bukavu akingoja viza. Jirani wa chini, madame mmoja mzee, alikuwa na kichaka cha houx uani. Mwaka wetu wa kwanza alitukatia tawi, akatueleza kwamba ni la kukaribisha wageni. Koko alilipokea kwa mikono miwili. Akalifunga mlangoni kwa uzi wa kusukia nywele, akaniambia, "Hii ni ya mama yako."

Noeli ikapita bila mama. Nilikaa dirishani, sombe ya koko ikinukia jikoni, nikitazama kila teksi. Sikukuu ya Wafalme, mwanzoni mwa Januari, ilipokwisha, madame akapanda kutuambia tawi litolewe, maana likikawia linaleta mkosi. Nikamtafsiria koko.

"Bon, mugeni hajafika bado," akasema. "Juu ya nini niitoshe?"

Basi likabaki. Majani yakageuka kahawia, vitunda vikanyauka, na kila nikirudi kutoka shuleni lilinichoma bega. Nililipenda hivyo hivyo.

Mama alifika wakati wa joto. Alisimama mlangoni na sanduku lake, mwanamke mrembo niliyemwonea haya.

"Hii kitu ya kukauka inafanya nini ku mulango?" akauliza, akaling'oa, akalitia kwenye pipa.  Koko alichukua ufagio, akafagia majani yaliyodondoka.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili tu. Wiki ileile tonton, mjomba wangu, alikuja kumchukua koko, akaenda kuishi naye mji wa Liège. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mama akija, koko ataondoka.

Madame alishafariki, na kichaka chake kikakatwa ili watu wapate pa kuegesha baiskeli. Koko tulimzika hukohuko Liège. Mama yupo, tunapigiana simu, ananipenda. Lakini upweke ukinibana hapa Ixelles ninapoishi sasa, simlilii mama. Namlilia yule aliyemngojea pamoja nami, akijua tangu mwanzo kwamba mama akifika, yeye hana tena pa kulala.