Bomba la Kinanda na Matangazo ya Jumapili

Mimi ni katibu wa baraza la wazee wa kanisa huku kwetu Mbozi, na mdomo wangu unajulikana mpaka Mlowo. Ukichelewa ibada, nakusema. Ukisinzia, nakusema. Ndiyo maana haya ninayoandika yananichoma.

Kanisa letu lina kinanda cha mabomba, kile kinachopulizwa kwa mvukuto wa kukanyaga. Wamisionari walikileta vipande vipande, wapagazi wakakipandisha mlimani kwa vichwa. Mmoja wao alikuwa baba wa mzee wetu aliyekuja kuwa mkanyagaji. Panya walipotoboa ngozi ya mvukuto, kinanda kikafunguliwa, mabomba yakalazwa stoo, mzee akaachiwa ufunguo. Kila mwezi aliyafuta vumbi moja moja, utadhani anaogesha watoto.

Msimu mmoja mpira wa kuleta maji kwenye mashine yangu ya kumenyea kahawa ulipasuka. Kahawa mbivu imejaa uani, na ikilala bila kumenywa inachacha. Nikamwomba mzee ufunguo, nikamdanganya kwamba nataka mabenchi ya msibani. Akanipa bila kuuliza. Nikatoka na bomba moja, nimelizungushia kitenge. Nilijisemea kinanda chenyewe kimeshakufa, nani atajua? Nikaliunga mahali pa ule mpira, nikaliponda ule mwanya wake wa kutolea sauti lisivujishe maji. Lilimaliza msimu, likapasuka, nikalitupa.

Basi, mwaka jana washarika wakaamua kinanda kifufuliwe. Fundi akaja kutoka Mbeya, akabadilisha ngozi, akapanga mabomba sakafuni, akasema limepungua moja. Baraza likamwita mzee, likamuuliza nani mwingine aliingia stoo. Akajibu kwamba ufunguo alikabidhiwa yeye, na hana wa kumtaja. Mimi nilikuwa palepale mezani, kalamu mkononi, nikisubiri anitazame. Hakunitazama. Tukamtenga na meza ya Bwana, na Jumapili nikasimama kusoma jina lake mbele ya watu wote. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Aibu gani hii, jamani.

Fundi alichonga bomba la mbao kuziba pengo. Kinanda kilipolia tena, watu walifuta machozi ya furaha. Mvukuto ulikanyagwa na mtu mwingine. Mzee alikaa benchi la nyuma, na miguu yake ilikuwa ikikanyaga sakafu.

Wiki ile nikaenda kwake, nikamkuta jikoni anachochea moto, nikapiga magoti na kumweleza yote. Akasogeza sufuria ya chai pembeni.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Lakini mimi nilitangazwa kanisani. Wewe unaniomba radhi jikoni?"

Nilikuwa nimekwenda na matumaini kwamba atanisamehe palepale, yaishe kimya kimya. Nikamwahidi Jumapili. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliandika kila kitu kwenye karatasi ya matangazo, mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa.

Jumapili nikasoma ratiba ya kwaya, nikasoma wagonjwa wa kuombewa, nikasoma ndoa inayotangazwa mara ya pili. Nilipofika mstari ule niliinua macho. Mzee alikuwa amesimama kule nyuma, amevaa koti lake la sikukuu, ananingoja. Watu wote wananitazama, mimi msema watu.

Nikakunja karatasi, nikasema, "Matangazo yameishia hapo."