Grisi ya Baba

Juzi hapa Kitengela nilimwona fundi akipaka grisi chini ya gari la kuuzwa, na hasira niliyodhani imeisha ikanipanda upya.

Nilipokuwa mtoto, gari letu lilikuwa likigonga mbele, ko-ko-ko, kila tukipita shimo. Alasiri moja fundi aliliinua kwa jeki, akatikisa gurudumu, akasema, "Mzee, bol-jointi inayoshika gurudumu imeisha. Hii tairi itachomoka barabarani."

"Jaza grisi tu, inyamaze," baba akamwambia. "Mama Kioko ako njiani kuichukua."

Mimi nilidhani grisi ni dawa. Nikaona fahari kwamba baba analitibu gari kabla ya kumuuzia Mama Kioko, mwalimu wangu wa shule ya Jumapili.

Mama Kioko alifika na watoto wake, akaliendesha kidogo, likawa kimya. Kabla ya kuondoka kwenda Kajiado, akaomba gari liombewe. Baba, mzee wa kanisa, akaweka juu ya boneti mkono uliokuwa bado unanuka grisi, akamsihi Mungu ayashike magurudumu yale.

Niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Sikujua kwamba baba alikuwa akimwachia Mungu kazi aliyomkataza fundi.