Unga Mweupe wa Harusi ya Mdogo Wangu

Ule unga ulinichukua miezi. Kusini mwa nchi yetu, kwenye maabara ya chuo, nilikuwa nadondosha maji tone kwa tone kwenye kemikali ya titani iliyochanganywa na spiriti mpaka igande kama uji uliolala, kisha naikausha na kuioka kwa moto mdogo. Umeme ukikatika katikati, kazi yote jalalani, na umeme ulikatika sana. Mwishowe nikapata kichupa kimoja cha oksidi ya titani, unga mweupe wenye chembe ndogo ambazo hadubini ya kawaida haizioni. Nilitaka kujua chembe ndogo kiasi hicho hutanuka vipi zikipata joto. Mashine ya kupimia ilikuwa nchi jirani, ng'ambo ya mto Ruvuma, na nilipewa zamu moja tu. Nikapanga kupitia nyumbani, jirani na Namoto, huko mpakani, mdogo wangu aolewe, kisha nivuke.

Kwetu anayetoka safari hafungui begi lake mwenyewe. Mama ndiye hulifungua, atoe zawadi na kukagua nguo chafu. Nilifika nimechoka, nikalala. Mama naye alikuwa na shida yake. Jiwe la kusagia msiro, ule mti tunaousaga na maji tukajipaka usoni, lilipotea siku tulipokimbia vita. Jiwe la kuazima lilimtolea msiro kidogo tu, usiomtosha hata bibi harusi, sembuse sisi wanawake wote wa nyumbani. Akakiona kichupa changu.

Asubuhi aliniamsha ameshika bakuli, akaanza kunipaka kwa vidole vyake.

"Nilijua huwezi kusahau harusi ya mdogo wako," alisema. "Umeniletea msiro uliosagwa kabisa, ukanyamaza kimya. Mjanja we!"

Ulikuwa laini mno. Msiro huacha chenga kidogo shavuni, huu haukuacha kitu. Niliruka kitandani nikauliza kichupa kiko wapi. Kilikuwa kimeoshwa na kuanikwa, unga wote umechanganywa bakulini na ule msiro kidogo.

Sikumfokea. Natamani ningefoka, tukagombana, yakaisha. Nilikaa kitandani nikalia na uso wangu mweupe, na Mama akabaki amesimama na bakuli lake. Kwanza alidhani ni sumu. Nikamwambia hapana, Mama, kitu hiki kimo hata kwenye dawa ya meno, ila ndiyo kazi yangu ya miezi. Basi harusi ikaendelea, na mdogo wangu akapendeza kupita kiasi, jambo lililoniudhi zaidi.

Baada ya sherehe Mama aliwanawisha wanawake wote kwenye beseni moja, uso mmoja mmoja, huku wakimcheka. Maji yakatuama, akayamwaga polepole, tope lililobaki akalianika kwenye sinia. Lilipokauka akanifungia kwenye kitambaa.

"Nitazamie, mwanangu, kama utafaa."

Nilijua unga ule umechafuka, una msiro, una jasho, una chumvi. Zamu ya mashine niliiacha, nikarudi kusini na kitambaa changu. Kila Mama alipopiga simu, salamu zikiisha aliuliza, "Ule unga umefaa?" Nami najibu, "Bado naupima, Mama." Ulikuwa kwenye droo.

Mama alifariki msimu wa mvua, barabara imekatika. Hata maziko sikuyawahi.

Baada ya arobaini nilirudi maabara, nikatoa kitambaa, nikasema leo nitampa jibu lake. Nilisafisha chumvi kwa maji, nikauweka unga kwenye tanuri. Nilitumaini moto wa polepole ungeunguza msiro na kuniachia chembe zangu. Nafasi ilikuwa finyu. Kutanuka si hoja, kwa kuwa kitu kikipoa husinyaa kikarudi kilivyokuwa. Lakini moto ukizidi kidogo, chembe huungana zikanenepa, na zikishanenepa hazirudi.

Nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri harufu ilipotoka. Msiro mtupu, harufu ya vidole vya Mama asubuhi ile, halafu moshi, msiro umewaka wote kwa mara moja. Nikazima, nikavuta mlango, joto likanipiga usoni. Wakati ule sikuwaza chembe wala mashine, nilitaka harufu ibaki. Haikubaki. Ndani mlikuwa na unga mweupe, safi, usionukia chochote, na nilipoupima chembe zilikuwa zimenenepa.

Haukufaa, Mama. Na msiro wako wa mwisho nimeuchoma kwa mkono wangu, nikiuita uchafu.