Kumrudisha Wechuli Mlimani

Nabututu alipofika pale Mto Nzoia unapomwagikia ziwani, kitu cha kwanza kilichompata ni aibu. Alikuwa mwanamke mzima, muuza omena, wale dagaa wa ziwa, anayejulikana soko zima la Kibuye mjini Kisumu kwa mdomo wake, na sasa alitakiwa kuongea na maji mbele za watu. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu waliacha kazi wakamtazama. Shemeji yake Walubengo, mzee wa kanisa, akainama akajifanya anafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nabututu akasogea ukingoni. "Wechuli, ni mimi. Twende nyumbani. Mto ndio huu, ufuate. Usibaki huku."

Maji yakapita zake.

Wechuli alikuwa mumewe, fundi wa injini za maboti. Alizama ng'ambo ya Luanda Kotieno akijaribu injini aliyoitengeneza mwenyewe. Watu wakamtafuta mpaka wakachoka, na ziwa likakataa kumtoa. Kwao, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mtu asiyepatikana huzikiwa shina la mgomba: linafungwa shuka, linalazwa kaburini, linaliliwa kama mtu. Lakini mama yake Wechuli hakutaka kuzika mgomba mtupu. Alipiga simu Kisumu akatoa amri kama mkuu wa kambi.

"Msimlete kwa gari, gari litamwacha. Wa ukoo wetu akipotelea majini, huletwa na maji. Shikeni mto kutoka ziwani, mje kwa miguu. Kila mnapovuka kijito mumwambie. Msipomwambia atasimama hapo hapo, na mimi nimezeeka, siwezi kwenda kumchukua."

Desturi hiyo Nabututu hakuwa na ugomvi nayo. Aliyemtia shaka ni Wechuli mwenyewe. Tangu aliporushiana maneno na baba yake juu ya kipande cha shamba, mtu huyo hakukanyaga mlimani tena, hata baba alipokufa. Kila Krismasi Nabututu alifunga mizigo, na kila Krismasi injini ya mtu fulani iliharibika ghafla. Alikuwa amekuja Kisumu akiwa bibi arusi asiyejua hata neno la Kijaluo. Akajifunza hadi wateja wakawa wanamuuliza amezaliwa upande gani wa Siaya. Alifanya hayo yote kwa ajili ya mwanamume aliyependa ziwa kuliko kwao. Sasa nani alisema kufa kungembadilisha nia?

Na kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Siku yake ikifika, yeye Nabututu atapelekwa mlimani alazwe kando ya mumewe. Hivyo ndivyo ilivyo. Kama Wechuli atang'ang'ania ziwani na wavuvi wake, yeye atalala milele kando ya mgomba. Wazo hilo lilimnyima usingizi.

Basi wakatembea. Kule Bunyala walipita juu ya tuta lililojengwa kuzuia mafuriko, mafunjo upande mmoja na mashamba ya mpunga upande wa pili. Kikapuni Nabututu alibeba koti la kazi la Wechuli, bado likinuka petroli. Walilala kwa watu wa kanisa la Walubengo, wakaondoka kabla jua halijawa kali, wakaendelea. Mto ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na ulikuja kinyume chao bila haraka yoyote. Hilo nalo lilimtia wasiwasi. Wao walikuwa wanapanda, maji yanashuka. Mtu aliyechoka na aliyetaka kisingizio angeweza kujiachia tu, akarudi alikotoka.

Kwenye kila kijito alisimama. "Wechuli, hapa tunavuka. Kuna mawe mawili, la pili linateleza." Kisha alisubiri, hajui anasubiri nini. Ndoto? Upepo? Mtu kumgusa bega? Alikuwa amesikia hadithi za wajane walioitikiwa waziwazi. Yeye hakupata hata kikohozi.

"Umesikia kitu?" alimuuliza Walubengo.

"Nimesikia mguu wangu," alisema Walubengo. Ulikuwa umevimba tangu siku iliyotangulia. "Shemeji, mimi ninakusindikiza kwa sababu mama amesema. Lakini Mungu hahitaji kuonyeshwa mawe yanayoteleza."

Kufikia mashamba ya miwa ya upande wa Mumias, mguu huo ulikataa kabisa. Walubengo aliketi kando ya barabara ya vumbi akasema ama pikipiki, ama wamzike yeye hapo. Nabututu alipinga, akalia kidogo, mwishowe akakubali, kwa masharti. Wangepanda mpaka kituo kinachofuata tu, na pikipiki iende mwendo wa miguu.

Akaja kijana wa boda, kofia ya chuma ikining'inia kwenye usukani. Walubengo akakaa katikati, Nabututu nyuma kabisa, kikapu mapajani.

"Endesha pole pole sana," alisema Nabututu.

"Mathe, hii ni boda, si mkokoteni."

"Pole pole, nimesema. Tuko na mtu huku nyuma."

Kijana akageuka akaangalia. "Mtu gani? Sioni mtu."

"Bwana wangu. Alikufa maji. Tunampeleka kwao, na kwa mbio hatatufikia."

Angekaa kimya mama wa watu! Kijana yule hakuuliza swali lingine. Alikaza shingo, akafungua mafuta yote, na pikipiki ikaruka kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki. Walubengo akaanza kuomba kwa sauti. Nabututu akapiga kelele asimame, akampiga ngumi shemeji yake mgongoni kwa kuwa ndiye aliyefikika, na katikati ya kelele hizo akaona ubavuni vyuma vya daraja dogo, maji yaking'aa chini yake, kisha miwa tena. Walikuwa wamevuka. Wamevuka na hakuna aliyemwambia Wechuli neno.

Kijana aliwashusha kituoni, akaondoka bila hata kudai nauli.

"Tumemwacha," alisema Nabututu.

"Shemeji, keti kwanza unywe maji."

"Tumemwacha darajani, Walubengo! Alikuwa anatafuta sababu ya kubaki, na tumempa!"

Alirudi peke yake, kwa miguu, jua la mchana likimpiga utosini. Je, kama alishaanza kushuka? Je, kama sasa hivi yuko Bunyala, anacheka? Alipofika darajani alishika chuma, akainama juu ya maji, na aibu yote ikamwisha.

"Wechuli! Nisamehe, yule mtoto aliogopa. Wewe pia unanijua, mdomo wangu hauna kufuli. Lakini sikiliza. Miaka yote nimekaa kule ziwani, kwa sababu wewe ulitaka. Nimeongea lugha ya huko, nimekula ya huko, nimezaa huko. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Hiki ndicho ninaomba. Nimechoka, bwana. Nifuate tu."

Wakataji miwa wawili waliokuwa wakipita walivua kofia. Nabututu alingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Hakusikia chochote. Alivuka daraja akilia waziwazi, kama mtoto aliyenyimwa.

Walubengo alikuwa amengoja palepale, mguu juu ya jiwe. Alimtazama akija. Mzee wa kanisa akakuna kidevu, akaangalia pembeni, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Amekuja?"

"Sijui," alisema Nabututu. "Kweli sijui."

Tangu hapo Walubengo hakunung'unika tena, na kwenye vijito alianza kuita yeye mwenyewe, "Ndugu yangu, tuvuke." Waliacha Nzoia wakaingia mkondo wa Kuywa unaoshuka kutoka mlimani. Maji yakawa membamba na safi, hewa ikawa na baridi, migomba ikajaa pande zote mbili. Watu walianza kuwaamkua kwa Kibukusu, lugha ya kwao. Kadiri nyumbani kulivyokaribia, ndivyo Nabututu alivyozidi kupunguza mwendo. Angesema nini langoni?

Boma lilikuwa limejaa. Kaburi lilikuwa wazi, udongo bado mbichi, na shina la mgomba limelazwa juu ya mkeka, limefungwa shuka jeupe. Mama mkwe alikuwa amekalishwa kwenye kiti karibu na lango, amejifunika blanketi, mdogo kuliko Nabututu alivyomkumbuka.

"Mmekuja naye?" aliuliza ajuza.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Walubengo alimkodolea macho akimsihi aseme ndiyo. Nabututu akapiga magoti, akaweka kikapu chini, akamwita mama kwa Kibukusu.

"Mayi, sijui. Nimemwita kutoka ziwani. Nimemwita kila mahali tulipovuka. Daraja moja tulipita bila kumwambia, nikarudi nikamwomba mpaka sauti ikakauka. Hajanijibu hata mara moja. Hata ndoto sikuota. Nisamehe, mayi."

Wanaume waliosimama kaburini wakatazamana. Mtu mmoja akalaza jembe chini.

"Hajasema neno?" aliuliza mama mkwe.

"Hajasema."

"Njia yote?"

"Njia yote, mayi."

Ajuza akafumba macho. Mabega yake yakaanza kutikisika chini ya blanketi, na ilichukua muda kwa watu kuona kwamba anacheka na kulia pamoja.

"Basi ni yeye," alisema. "Alipokuwa mdogo, nikimtoa mtoni kwa nguvu, alikuwa ananifuata nyuma amenuna, hasemi kitu mpaka mlangoni. Nikimwita haitikii, lakini anakuja. Huyo angekuitikia, binti yangu, ningejua umeniletea mtoto wa watu wengine."

Akamshika Walubengo mkono, akasimama. Akatazama njia tupu nyuma ya bega la Nabututu, akakunja uso kama mama yeyote ambaye chakula kimempoa.

"Wewe. Ingia ndani. Watu wamekungoja."

Nabututu alikuwa bado amepiga magoti katikati ya lango. Akainuka upesi, akavuta kikapu, akasogea kando ampishe mumewe.