Mtu wa Kitabuni Kwenye Ukuta wa Mama Mkwe

Nilipoolewa, enzi za Mwingereza, mama mkwe wangu alikuwa anajulikana kijiji kizima kwa kuchora kuta. Kila mwaka mvua zikiisha alisiliba nyumba upya, kisha akachukua udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi ya chungu, akajaza maua na ng'ombe. Kusoma hakujua. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne kwa masista, na matatizo yalianzia hapo.

Mume wangu alikuwa utingo wa lori la Makambako na Njombe. Siku moja alirudi na kitabu cha hadithi kilichosahauliwa na abiria. Jalada lilikuwa limeng'oka, hata jina lake hatukulijua. Mama akataka nimsomee huku yeye anachora. Kilikuwa kinaeleza habari za tajiri mmoja mjinga na mlafi, aliyesafiri jangwani na ngamia wake.

"Ngamia ndiyo nini?" akaniuliza.

"Mnyama, Mama. Ana nundu mgongoni."

"Kama ng'ombe?"

"Mkubwa zaidi. Na shingo ndefu."

"Anakamuliwa?"

Hilo, kitabu hakikusema. Basi akamchora ng'ombe wake mwenyewe, yule mweusi mwenye baka kwenye paji la uso, akamvuta shingo mpaka ikagusa nyasi za paa. Juu ya nundu akampandisha tajiri, tumbo mbele, mwavuli mkononi.

Watu walikuja kutazama wakacheka hadi kukaa chini. Sikuelewa wanacheka nini mpaka alipokuja jumbe wetu, mkuu wa kijiji, tumbo mbele, mwavuli mkononi. Alisimama mbele ya ukuta.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Siyo wewe, Baba," mama mkwe akamjibu. "Ni mtu wa kitabuni. Mkwe wangu atakusomea."

Nikaleta kitabu. Ukurasa ulisema wazi kwamba tajiri yule alikuwa mjinga kuliko ngamia wake. Mimi nikasoma kwamba alikuwa na hekima kuliko ngamia wake. Nilipofika kwenye "mlafi" nikasoma "mkarimu". Jumbe akautazama ukuta upya.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema, safari hii kwa upole. "Hebu mwongezee kofia."

Tangu siku hiyo akawa anapita kila wiki kuulizia habari za tajiri. Nami nikawa natunga, kisha nasahau nilichotunga.

"Juzi ulisema ana wake wawili," akaniambia. "Leo ni watatu."

"Ameoa, Baba."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mama mkwe ndiye hakuridhika. "Unaniharibia kazi," alinilaumu. "Mimi nimechora mjinga, wewe unamfanya mwenye hekima. Sasa uso wake na maneno yako haviendani." Akanifungia jikoni nimsomee hadithi jinsi ilivyoandikwa, neno kwa neno. Kumbe tajiri aliangusha nyama kisimani, akaifuata kichwa chini. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga, kisha akaenda kulichora jambo hilo ukuta wa nyuma, ambako wageni hawafiki: kisima, na miguu miwili imechomoza juu.

Wiki ile jumbe alikuja kwa njia ya shambani, akatokea nyuma ya nyumba.

"Na hii miguu ni ya nani?"

"Ya mtu mwingine," mama mkwe akasema.

Jumbe akainama, akatazama viatu vilivyochorwa, akatazama vya kwake. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyekuwa na viatu vyenye vifungo pembeni.

"Mbona amevaa viatu vyangu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe hakupepesa jicho. "Ulimwazima, Baba. Tajiri mkarimu kama wewe."

Jumbe alifikiri. Ukarimu alikuwa ameshaukubali, hakuweza kuukana. "Basi avirudishe," akasema mwishowe.

Akasimama hapo hapo, mwavuli kwapani, hadi mama alipofuta viatu kwa kitambaa cha maji na kuchora vidole. Kwa haraka, mguu mmoja ukapata sita. Jumbe akavihesabu kwa ncha ya mwavuli, mara mbili. Yeye alikuwa navyo vitano vitano, kwa hiyo akaaga vizuri, akaondoka zake.

Baadaye tulisikia anasimulia klabuni kwenye pombe ya ulanzi kwamba kuna mtu mmoja wa mbali alikaa na viatu vyake kwa muda, lakini ameshavirudisha.