Udongo wa Shimo la Choo

Kosa langu nalikiri mapema ili tusizungushane: niliosha udongo kwenye karai, uani, saa nne asubuhi, mjini Kahama. Mtu wa mbali atauliza kosa liko wapi. Mtu wa huku haulizi. Ameshacheka, na pengine ameshanyanyuka kuja kuchungulia. Huku kwetu karai lina kazi tatu: kubebea zege, kuogeshea watoto na kuoshea dhahabu. Mimi sikuwa najenga, na mtoto sina.

Nilizaliwa Ibadakuli, nikamaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo nyumbani hayazungumzwi wageni wakiwepo. Wenzangu walipokimbilia migodini, mimi nilihamia mtaa wa Nyasubi, hapa Kahama, na mashine ya kufumia masweta ya shule. Nafuma ndani, nakula ndani, na habari za jua nazipata kwa watu. Majirani wananiita Fundi. Mwanaume asiyetoka nje katika mji huu ni mwanaume anayeficha kitu, kwa hiyo nilikuwa na doa hata kabla ya karai.

Kuchora kulianza kwa sababu ya mabaki. Ukifuma masweta unabaki na vipande vya uzi: maruni, kijani, bluu ya sekondari. Nilianza kuvibandika kwenye maboksi ya nyuzi kwa gundi ya mbao, nikazungushia mistari ya mkaa. Baadaye nikaongeza pumba za mpunga, maana Kahama hatuna shida ya pumba. Mbuzi wangu wa kwanza wa pumba nilimtundika ukutani kwa fahari, na wateja wawili kwa nyakati tofauti wakanisifia kwa kuchora kochi.

Nilichokosa ni rangi ya ardhi. Rangi za dukani zina kelele. Ukipaka njano ya dukani, nyumba ya tope inafanana na basi. Basi mwaka huo, kabla ya mvua, mama mwenye nyumba akaamua kuchimbisha choo kipya. Ni mjane mtu mzima, mwenyeji wa Ushirombo, hakosi misa na hakosi kujua nani kaingia uani saa ngapi. Vibarua wawili wakachimba mbele ya dirisha langu, na kila walivyoshuka, udongo ulitoka na rangi yake: kwanza mweusi, kisha mwekundu, kisha wa njano kama bizari, na chini kabisa mweupe, laini, unaokaribia unga. Niliacha sweta kwenye mashine, mkono mmoja umefumwa na mwingine bado. Nikachora lile shimo kwenye daftari langu, na pembeni nikaandika, kwa kimo cha kibarua aliyesimama shimoni: nyekundu kifuani, njano kiunoni, nyeupe chini ya miguu.

Kisha nikangoja watu waende sokoni ndipo nikachota, ndoo moja moja, huku nikitazama nyuma. Niliona haya. Mtu mzima na ndevu zake anachota udongo wa choo, ataeleza nini? Sikujua kwamba mtu mwenye haya na mwizi hutembea kwa mwendo ule ule.

Udongo ukitaka kuufanya rangi unauloweka, unaukoroga, unaacha changarawe itulie, unamimina yale maji ya tope kwenye chombo kingine na kungoja mpaka kesho. Uji unaobaki chini unauanika, unausaga kwa chupa, unauchanganya na gundi wakati wa kupaka. Nilijifunza kwenye video za simu. Ambacho video haikusema ni kwamba ukizungusha karai kwa mikono miwili, umeinama, macho yakifuata vijiwe vinavyometameta, hakuna mtu wa Kahama atakayekudhania msanii.

Aliyeniona ni jirani wa chumba cha pili, tunayemwita mama mapacha. Mume wake yuko migodini upande wa Geita, anarudi kila baada ya miezi kadhaa. Alisimama na beseni la nguo kiunoni.

“Fundi, unaosha nini?”

“Udongo.”

“Udongo nauona. Unatafuta nini humo?”

“Rangi.”

“Rangi gani?”

“Ya njano.”

Akanitazama kwa muda. “Ya njano,” akarudia taratibu, kama mtu anayehifadhi namba ya simu kichwani. “Haya. Kazi njema.”

Mchana wa siku hiyo vibarua waliacha kuchimba. Walikaa ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia, wakipitisha udongo vidoleni. Kesho yake walimwambia mama mwenye nyumba kwamba ule mkataba wa kuchimba choo umebadilika: sasa wanachimba duara, yaani shimo la dhahabu, na mwenye duara hugawana mali na wachimbaji. Jioni watu ambao sijawahi kuwaona walipita uani kuomba maji ya kunywa, wote macho yao kwenye shimo. Mmoja alinikonyeza.

Jumatano mama mwenye nyumba alikuja chumbani kwangu bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ng'wanawane, mwanangu, umekaa kwangu miaka mingapi?”

“Sita.”

“Nimewahi kukuuliza unapika nini?”

“Hapana.”

“Leo nakuuliza.”

Nilimwonyesha vikombe vyangu vitatu kwenye dirisha, chekundu, cha njano na cheupe, udongo ukiwa tayari umesagwa. Nikamwonyesha mbuzi. Akamwangalia mbuzi, akaniangalia mimi, na nikaona kwamba mbuzi hajanisaidia. Kisha akaliona daftari.

“Hii ramani ya nini?”

“Siyo ramani, mama. Ni picha ya shimo.”

“Picha ina vipimo? Kifuani, kiunoni, chini ya miguu. Unajua mali iko wapi mpaka kina chake, halafu unaniambia picha?”

Nikajieleza. Kadiri nilivyojieleza, ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo, nilijisikia mwenyewe. Akanipa mpaka Jumapili baada ya misa. Ama nitoe nilichopata, ama nipakie mashine yangu kwenye mkokoteni.

Niseme kwa nini chumba hicho kilikuwa kila kitu kwangu. Dirisha lake ni kubwa na linapata mwanga tangu asubuhi mpaka jioni bila jua kunipiga usoni. Kwa fundi wa masweta ni kuona nyuzi; kwa mchoraji ni zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshazunguka Nyasubi nzima kabla ya kukipata, na kwa mtu kama mimi kuzunguka Nyasubi nzima si jambo la kurudiwa.

Hapo ndipo na mimi nilipougua ule ugonjwa wa ua wetu, wa kushukiana. Asubuhi ya Alhamisi niliona kikombe cheupe kimepungua. Dirisha huwa naliacha wazi ili udongo uzidi kukauka. Nikapiga mstari wa penseli ndani ya kikombe, sawa na udongo ulipoishia. Ijumaa udongo ulikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole. Nikapiga mstari mwingine. Jumamosi, kidole kingine.

Nani? Nilijibanza nyuma ya mashine na daftari langu. Mama mapacha alipita dirishani mara nne, na mara ya tatu alikuwa na kijiko. Alipoanika nguo niliona weupe chini ya kucha zake. Nikaunganisha mambo kama mpelelezi: ndiye aliyeniona kwanza, ndiye aliyepeleka maneno, ana mume mgodini anayejua pa kupima na pa kupeleka. Kumbe ananifukuzisha ili abaki na udongo! Nikamchora. Mama mapacha na kijiko. Mama mapacha akitazama kushoto na kulia. Mkono wa mama mapacha dirishani. Ni michoro bora niliyowahi kuchora. Shuku inanyoosha mkono kuliko mazoezi.

Jumapili mama mwenye nyumba alirudi kanisani na shemeji yake, mzee aliyechimba dhahabu ujana wake wote na sasa anakohoa kabla ya kila sentensi. Uani palijaa. Mzee akaomba karai langu, akachota udongo wa kila rangi, akaosha. Nikiri kwamba aliosha vizuri kuliko mimi. Karai lilizunguka lenyewe, maji yakatoka bila kumwaga hata punje asiyoitaka. Mwisho akaligeuza tupu.

“Hakuna kitu,” akasema. “Hivi vinavyometameta ni vya kudanganyia watoto.”

Wale vibarua waliinuka, wakajipangusa suruali, wakarudi kuwa wachimba choo. Nikavuta pumzi. Mapema mno.

“Cha shimoni hakuna,” alisema mama mwenye nyumba. “Cha vikombeni je?”

Wakaja wote dirishani. Chekundu kimejaa. Cha njano kimejaa. Cheupe kimebaki robo, na ndani yake ile mistari yangu ya penseli, mmoja chini ya mwingine.

Mzee akakohoa. “Mali hupenda jiwe jeupe. Na huyu amekuwa akipima.”

“Umepeleka wapi?” mama mwenye nyumba aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. “Sema, ng'wanawane. La sivyo nitume mtu akalete mkokoteni sasa hivi.”

Nikaliona dirisha langu linaondoka. Na mimi, mtu ambaye wiki nzima nilikuwa nawalaumu watu kwa kuunga mambo yasiyoungana, nilifungua daftari mbele ya uwanja mzima nikanyoosha kidole.

“Muulizeni mama mapacha! Ndiye anayechota. Nimemchora, huyu hapa, na kijiko chake.”

Daftari likapita mkono kwa mkono. Mama mapacha alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wake. Lilipomfikia aliangalia kurasa zote tatu, akalifunga.

“Ni kweli,” akasema. “Nimeuchota.”

“Umempelekea nani?” aliuliza mzee.

“Sijampelekea mtu. Nimeula.”

Hata mzee alisahau kukohoa.

“Nina mimba ya miezi mitatu. Udongo wa dukani una mchanga, unaniumiza meno. Huu wa Fundi ameuosha, umelainika, unanukia kama mvua ikianza. Baba mapacha hajui. Nilitaka arudi mwisho wa mwezi nimwambie kwa mdomo wangu, yeye kwanza. Sasa mmejua ninyi wote.”

Mama mwenye nyumba aliingiza kidole kwenye kikombe, akaonja, akakaa na ile ladha mdomoni huku amefumba macho. Kisha akaanza kucheka, cheko la kutoka tumboni, mpaka kitambaa cha kanisani kikamdondoka kichwani.

“Ni wenyewe! Mimba yangu ya tatu nilimaliza kona nzima ya nyumba ya tope ya mama mkwe. Shemeji, twende tukale. Hakuna mwanamke anayekula dhahabu kwa kijiko.” Akamgeukia mama mapacha, cheko limekwisha. “Na wewe, kesho kliniki. Uwaambie unakula nini, usiwafiche.” Kisha zamu yangu. “Mashine ibaki. Lakini kuanzia leo ukiosha udongo, uoshee katikati ya ua, mlango wako wazi, nikuone.”

Kwa hiyo chumba kilibaki changu, na dirisha lake. Choo kilimalizika kabla ya mvua. Ila mume wa mama mapacha alipata habari siku ile ile. Mtu mmoja uani alikuwa na namba yake, na alimpongeza kabla mke hajapata nafasi ya kupiga. Simu ilipolia chumbani kwake nilisikia kupitia ukutani akisema, “Nani kakwambia?” Hilo nililifanya mimi, na wala sikuweza kumsingizia mtu.

Hakunisemesha kwa majuma mawili. Ndoo yake ikiwa bombani na yangu ikafika, alikuwa anaondoa yake hata kama haijajaa. Nami kwa kuwa sijui kuomba radhi kwa maneno, nilikaa ndani nikatengeneza picha. Ua wetu wote: ardhi kwa udongo mwekundu na wa njano, kuta kwa pumba na gundi, kamba ya nguo kwa uzi wa kijani. Katikati nikamweka yeye, gauni la uzi wa maruni niliopanga mmoja mmoja kwa siku tatu, na beseni kiunoni. Hakuna kijiko. Udongo mweupe haukuwa umebaki wa kutosha, kwa hiyo anga niliiacha boksi tupu.

Nikampelekea asubuhi, mlango wangu ukiwa wazi kama nilivyoagizwa. Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia sehemu ya ua aliyokwisha kuifagia. Mpaka leo nikiosha udongo hufagia, nami bado napiga mistari ya penseli kwenye vikombe. Hatujapona kabisa, yeyote kati yetu.

Mama mapacha aliipokea picha kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akapitisha kidole kwenye lile gauni.

“Huyu ni nani?”

“Ni wewe.”

Akaiangalia tena, kwa haki kabisa, kama mtu aliyekusudia kusamehe na anatafuta pa kuanzia. Akapangusa punje ya udongo wa njano iliyobanduka pembeni, akaitazama kidoleni, akaitia mdomoni.

“Fundi, nisikufiche,” akasema. “Udongo wako mtamu, ila picha zako mbaya.”